Kila Neno Lina Kwao: Kufuatilia Kiingereza cha Mitaani na cha Nchi Mbalimbali kwa Simu

Mgeni aliyeshuka Mtwara leo asubuhi akiwasikia vijana wanasema "Ntwara kuchele", kisha akafungua kamusi ya Kiswahili sanifu kutafuta "kuchele", atatoka mikono mitupu. Neno ni la huku kusini, maana yake kumekucha. Kamusi haijakosea, yeye kalitafuta neno ugenini. Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Kuna cha London, cha Glasgow, cha Lagos, cha Mumbai, cha Kingston na cha Johannesburg, na kila kimoja kina maneno yake, sarufi yake na matamshi yake. Huku kwetu hukutana nacho mwongoza watalii wa Kilwa Kisiwani, dalali wa korosho anayeandikiana na mnunuzi wa India, mwanachuo wa ualimu, kijana anayefuatilia muziki wa Nigeria. Akikwama, mara nyingi tatizo si kwamba hakusoma. Amekosa tu njia ya kujua neno ni la wapi, na bila hilo maana haikai sawa.

Njia ipo, na sehemu kubwa yake ni bure. Tunaieleza tukianza na zana zinazokula bando kidogo.

Andika sentensi nzima kwanza

Usikimbilie kutafuta neno peke yake. Chukua daftari au sehemu ya kuandikia kwenye simu, uandike mambo manne: sentensi nzima kama ilivyosemwa, nani kasema (umri wake na anakotoka), wapi ulikutana nayo, na ilisemwa kwa utani, kwa hasira au kwa kawaida tu. Bila hayo utapata maana tano zote zikiwa sahihi, usijue ipi ni yako. Chukua "pissed". Mwingereza akisema "He was pissed", jamaa alikuwa amelewa. Mmarekani akisema hivyohivyo, jamaa alikuwa amekasirika. Neno moja, tahajia moja. Anayekata shauri ni msemaji na anakotoka.

Kama neno umelisikia na hujaliona limeandikwa, kazi inakuwa kubwa zaidi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Sisi tuliozoea kusikia "Ntwara" na kuandika "Mtwara" tunajua kwamba mdomo na kalamu havifuatani kila siku. Kwa vijana wa London, sauti ya "th" mara nyingi hugeuka "f" au "v": "fink" ni "think", "bruv" imetokana na "brother". Ukisikia pengo katikati ya neno, kama mtu kameza kitu, jaribu kuweka "t": "wa'er" ni "water". Neno likianza na irabu na halieleweki, weka "h" mbele: "'ouse" ni "house". Kwa Mwaustralia, "day" huweza kufika sikioni kwetu kama "die". Andika tahajia tatu au nne za kubahatisha, kisha zijaribu zote. Maneno ya Jamaika ndiyo yenye tahajia nyingi kuliko yote: salamu moja utaikuta "wagwan", "wah gwaan" na "wa gwan", na ukurasa wenye maelezo mazuri unaweza kuwa kwenye tahajia ambayo hukuifikiria.

Wiktionary, kituo cha kwanza

Nenda en.wiktionary.org. Ni kurasa za maandishi, zinafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Andika neno, kisha hakikisha unasoma sehemu iliyoandikwa "English", kwa sababu ukurasa mmoja huweka lugha zote zinazotumia tahajia hiyo. Tafuta "pole" uone: mti wa bendera wa Waingereza na pole yetu ya kumfariji mgonjwa vimo kwenye ukurasa mmoja. Kwenye simu sehemu hizo huwa zimefungwa. Gusa kichwa cha lugha ndipo ifunguke.

Kinachotafutwa hapa ni lebo, yale maneno madogo kwenye mabano kabla ya maana. Lebo ndiyo inayokwambia kwao neno ni wapi. Nyingine hutaja nchi: "UK", "Australia", "Nigeria", "India". Nyingine hutaja kundi la wasemaji: "MLE" ni Kiingereza cha vijana wa London ya mchanganyiko wa makabila, na "AAVE" au "African-American Vernacular" ni cha Wamarekani weusi. Nyingine hutaja hali: "dated" ni neno lililochuja, "obsolete" limekufa, "vulgar" ni la kihuni, "derogatory" la kudharau, "offensive" la kukera. Mwanafunzi anayeruka lebo na kunakili maana ndiye anayeishia kumwandikia mwalimu wake neno la kilabuni. Chini ya maana, gusa "quotations" uone mifano halisi yenye miaka.

Jambo moja ambalo wachache wanalifahamu: kwenye kisanduku cha kutafutia unaweza kuandika "Category:Nigerian English" au "Category:Indian English", ukaletewa orodha nzima ya maneno ya nchi hiyo. Ni njia nzuri ya kupekua bila kuwa na swali mahususi.

Kasoro yake ni kwamba inaandikwa na watu wa kujitolea. Neno maarufu lina maelezo marefu, neno la kijiji halina kitu. Usipolikuta, usihitimishe kwamba halipo duniani.

Kamusi zenye miaka ndani yake

Kwa misimu, yaani lugha ya mtaani, kazi kubwa kuliko zote ni Green's Dictionary of Slang ya Jonathon Green. Ilichapwa mwaka 2010 kwa juzuu tatu, ikaingia mtandaoni mwaka 2016, na leo inasomwa bure kwenye greensdictofslang.com. Inafuatilia misimu ya Kiingereza kwa takribani miaka 500. Ukifungua neno utakuta mlolongo wa nukuu, kila moja na mwaka wake, ya zamani ikitangulia. Soma mwaka wa kwanza na wa mwisho. Ikiwa nukuu zinaishia mwaka 1920, hilo ni neno la mababu; ukilitumia leo utasikika kama mtu wa kwenye kaburi. Vifupisho vya mbele ya maana vinatisha kidogo mwanzoni: "Und." ni lugha ya wezi na wahalifu, "W.I." ni visiwa vya Karibi, "Aus." ni Australia.

Kwa nchi mojamoja, zipo kamusi zilizofanyiwa kazi na wataalamu wa huko huko. Ya Afrika Kusini iko dsae.co.za, ikitunzwa na watu wa Chuo Kikuu cha Rhodes. Tunaisisitiza kwa sababu Waafrika Kusini wanafika sana pwani yetu. Mgeni wa Johannesburg akisema "I'll pay you just now", nahodha wa boti asisimame kunyoosha mkono: kwao "just now" ni baadaye kidogo, na baadaye hiyo haina saa. "Now now" ndiyo iliyo karibu zaidi. "Robot" ni taa za barabarani, "bakkie" ni pikapu.

Kamusi hiyohiyo itakuonyesha jambo la kuchukulia kwa uzito sana. Neno letu la pwani "kafiri", lenye asili ya Kiarabu, lina ndugu yake Afrika Kusini ambaye ni tusi la kibaguzi kuliko yote. Kule limewahi kumpeleka mtu jela. Mswahili anayezungumzia dini kwa Kiingereza mbele ya Mwafrika Kusini asilitamke kabisa, hata kama nia yake ni safi. Atumie "non-believer" au "non-Muslim".

Uskoti wana yao kwenye dsl.ac.uk, bure pia. Huko utajua kwamba mtu anayekwenda kuchukua "the messages" anakwenda dukani kununua mahitaji ya nyumbani. Marekani wana DARE, kamusi ya maneno ya mikoa iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Watafiti wake walizunguka jamii 1,002 kati ya mwaka 1965 na 1970 wakiuliza watu maswali. Kamusi kamili inalipiwa, lakini sauti walizorekodi ziko wazi kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo hicho.

Oxford English Dictionary nayo inalipiwa kwa sehemu kubwa, ila orodha za maneno mapya na maelezo yake husomeka bure. Mbili zinatuhusu kwa karibu. Ya Januari 2020 iliingiza maneno ya Nigeria, na ya Juni 2022 ilishughulikia Kiingereza cha Afrika Mashariki. Humo yamo "deskie", mwenzako mnayekaa dawati moja, na "come-we-stay", kukaa kinyumba bila ndoa.

Hiyo ya Nigeria tuisimamie kidogo, maana Mswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Limo neno "mama put". Mwingereza anayelisoma anahitaji aya nzima ya maelezo: mwanamke auzaye chakula cha bei nafuu kando ya njia, akaitwa hivyo kwa sababu wateja humwambia "Mama, put…", wakitaka awawekee zaidi kwenye sahani. Wewe unahitaji neno moja tu: mama ntilie. Ni neno lilelile, limezaliwa kwa njia ileile, kwenye foleni ileile ya sahani. "Next tomorrow" ni keshokutwa, "okada" ni bodaboda, "danfo" ni daladala, "tokunbo" ni kitu cha mtumba kutoka nje, kama magari na jokofu. Kwa hiyo usipitie Kiingereza cha Uingereza kuyaelewa. Ukipita kule unapoteza nusu ya maana njiani.

Urban Dictionary: itumie, usiiamini

Neno likiwa jipya, la mwaka huu, kamusi zote za juu zitakuwa bado zimelala. Hapo ndipo Urban Dictionary inafaa. Ilianzishwa mwaka 1999 na Aaron Peckham, na mtu yeyote anaweza kuandika maana na wengine wakaipigia kura. Shida zake ni tatu. Watu huandika majina ya rafiki zao na kuwasifu au kuwatukana. Wengine hutunga maana chafu kwa neno safi ili kuchekesha. Na kura nyingi huenda kwa kinachochekesha, hata kama si sahihi.

Isome hivi. Shuka hadi maana ya tano au ya sita, usiishie ya kwanza. Tazama tarehe chini ya kila maana. Chagua lile wazo linalorudiwa na waandishi watatu tofauti wasiofanana maneno. Kisha rudisha maana hiyo kwenye sentensi uliyoiandika daftarini. Ikikataa kukaa, iache. Na simu usimwachie mtoto ukurasa huo ukiwa wazi.

Tuongeze onyo kuhusu asili za maneno. Mitandao imejaa hadithi kwamba neno fulani la zamani ni herufi za mwanzo za maneno mengine. Karibu zote ni uzushi, kwa sababu kabla ya karne ya 20 Waingereza hawakuwa na mazoea makubwa ya kuunda maneno hivyo. "OK" ni ya kipekee: ilitokea gazetini Boston mwaka 1839 kama mzaha wa kuandika vibaya "all correct". Hadithi nyingine ya aina hiyo ikikujia, idai ushahidi wenye mwaka.

Kuhakikisha nchi kwa takwimu

Umeshashuku neno ni la wapi, sasa pima. GloWbE ni hazina ya takribani maneno bilioni 1.9 kutoka tovuti za nchi 20, na Tanzania ni mojawapo. Nenda english-corpora.org/glowbe, fungua akaunti ya bure kwa barua pepe, chagua "Chart", andika neno, tafuta. Utaletewa nguzo, nchi kwa nchi, kwa vifupisho vya herufi mbili: TZ, KE, NG, GH, ZA, IN, GB na kadhalika. Akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji kwa siku, kwa hiyo ingia ukiwa na orodha mkononi.

Makosa hapa ni matatu na yanajirudia. La kwanza ni kusoma idadi ghafi. Marekani na Uingereza zimewekewa maneno mengi kuliko Tanzania, hivyo lazima zionekane juu. Soma mstari wa "per mil", yaani mara ngapi katika kila maneno milioni. La pili ni kutogusa nguzo. Ukitafuta "slippers" utaliona kila nchi, lakini idadi haikwambii kwamba Nigeria mara nyingi ni kandambili na Uingereza ni viatu laini vya ndani. Gusa nguzo, soma sentensi kumi. La tatu ni kusahau umri wa hazina yenyewe: matini yake yalikusanywa mwaka 2012, basi neno lililozaliwa baada ya hapo halimo.

Kwa wafanyabiashara, nusu saa ya zana hii inaokoa fedha. Tuseme ujumbe umeandikwa hivi: "Kindly revert on the 3 lakh kgs, and can we prepone the loading?" Anayejua Kiingereza cha darasani pekee atadhani mzigo unarudishwa na tarehe inaahirishwa. Pima "prepone" utaona India imesimama peke yake juu. Maana yake ni kuwahisha, kinyume kabisa cha kuahirisha. "Revert" kwao ni kujibu. Na "lakh" unaijua tayari, ndiyo laki yetu, tuliichukua kutoka kwao: 3 lakh ni 300,000, basi ni tani 300 za korosho. Angalia na mikato: Mhindi huandika 3,00,000, na "crore" moja, ambayo ni milioni kumi, huiandika 1,00,00,000. Hesabu sifuri, usihesabu mikato.

Sarufi nayo ina ramani

Watu wengi hudhani tofauti ni za maneno tu, na sarufi isiyofanana na ya kitabuni wanaiita makosa. eWAVE, kwenye ewave-atlas.org, inafuta dhana hiyo. Imeorodhesha sifa 235 za sarufi na kuzipima katika Kiingereza cha aina 77, kikiwamo cha Tanzania. Ingia "Varieties", chagua "Tanzanian English", utaona kila sifa na herufi yake: A ni imeenea sana, B ipo kwa kiasi, C ni nadra, D haipo. Ukigusa sifa yenyewe inafunguka ramani ya dunia yenye nukta za rangi.

Anza na sifa ya "be" ya mazoea. Mmarekani mweusi akisema "He be at the shop", wengi husema kaivunja "He is at the shop". Hakuvunja kitu. "He is at the shop" ni yuko dukani, sasa hivi. "He be at the shop" ni huwa dukani, ndiyo kawaida yake, hata kama dakika hii yuko msikitini. Kiingereza sanifu hakina kiambishi cha kazi hiyo. Sisi tunacho, ni "hu-". Walimu wa Kiingereza wa Mtwara na Lindi wanaweza kulifundisha hili kwa dakika tano, na mwanafunzi hatalisahau.

Masikio

Kwa lafudhi, anza na accent.gmu.edu, hazina ya Chuo Kikuu cha George Mason. Wasemaji wote, kutoka kila pembe ya dunia, wanasoma aya moja ya maneno 69 inayoanza "Please call Stella", hivyo unalinganisha kitu kilekile. Chagua lugha ya Kiswahili kwanza, sikiliza wenzako, ndipo uende Glasgow na Sydney. Sikiliza aya mara tatu: mara ya kwanza irabu, ya pili "r", ya tatu mwisho wa maneno. Baada yake nenda dialectsarchive.com, iliyoanzishwa na Paul Meier, ambako msomaji akimaliza kusoma huendelea kujieleza kwa maneno yake. Hapo ndipo lahaja hujitokeza.

Sauti ya mp3 ya kawaida hula takribani MB 1 kwa dakika. YouGlish, inayokutafutia neno ndani ya video na kukuruhusu kuchagua lafudhi, hula nyingi zaidi. Shusha ubora wa video hadi 144p, au ingoje Wi-Fi.

Kutoka kitu kwenda neno

Mara nyingine huna neno, una kitu. Kandambili ni zoezi zuri: Australia ni "thongs", New Zealand "jandals", Afrika Kusini "slops", Nigeria "slippers", Uingereza na Marekani "flip-flops". Fungua Wikipedia ukurasa wa "Flip-flops" usome majina ya nchi nchi. Ukitafuta kwa picha, ongeza neno la kufafanua, "thongs footwear Australia", vinginevyo utaletewa chupi, kwa kuwa nje ya Australia ndiyo maana yake ya kawaida.

Kila neno ulilomaliza liandikie mstari: neno, kwao, maana, nani hulisema, mwaka wa ushahidi wa karibuni, Kiswahili chake, tahadhari. "Mama put, Nigeria, muuza chakula, watu wote, 2020, mama ntilie, hakuna." Likikosa ushahidi wa vyanzo viwili, liwekee alama ya kuuliza.

Alama hizo za kuuliza zifute kwa kumuuliza mtu wa huko, ufukweni Mikindani au bandarini, kwa namna waliyotumia watafiti wa DARE: usimtajie neno, maana ukilitaja atakubali kwa adabu. Inua kandambili juu, muulize, "What do you call this back home?" Andika alivyotamka kabla hajakutajia herufi, kisha mwombe akuandikie mwenyewe pembeni.